Ubao wa kushushia magunia: Hesabu ndogo inayookoa miguu na fedha

WAFANYABIASHARA wengi wa mazao wanajua bei ya gunia la mahindi shambani, nauli ya lori na ushuru wa soko. Wachache wanajua jinsi ya kukokotoa nguvu inayohitajika kulisogeza gunia hilo kutoka kwenye lori hadi stoo. Kazi hiyo huachiwa vibarua na ubao wowote utakaookotwa karibu.

Matokeo yake yanaonekana kila msimu wa mavuno, iwe Kibaigwa, Makambako au Tandale. Gunia moja hukwama katikati ya ubao na kuhitaji watu watatu kulisukuma. Jingine huporomoka lenyewe na kumgonga aliye chini. Hapo mwenye mzigo hulipa mara mbili: analipa kwa mahindi yaliyomwagika, na analipa tena kwa kibarua aliyeumia.

Mambo yote hayo mawili, kukwama na kuporomoka, yanatokana na kitu kimoja kinachoitwa msuguano. Habari njema ni kwamba msuguano unapimika, na vifaa vinavyohitajika ni mizani ya kuning'iniza, tepu ya fundi seremala na kikokotoo kilichomo ndani ya simu yako.

Msuguano ni nini?

Msuguano ni nguvu inayotokea pale vitu viwili vinapogusana na kimoja kikataka kuteleza juu ya kingine. Siku zote nguvu hiyo huelekea kinyume cha mwendo. Ukivuta gunia kwenda mbele, msuguano unalivuta kurudi nyuma.

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kanuni mbili ambazo hadi leo wahandisi wanazitumia. Ya kwanza ni kwamba msuguano huongezeka sawasawa na jinsi vitu vinavyokandamizana: mzigo ukiwa mzito mara mbili, msuguano nao huwa mara mbili. Ya pili ni kwamba ukubwa wa eneo linalogusana haubadilishi msuguano. Mwaka 1785 Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, alichapisha vipimo vingi zaidi na kueleza tofauti iliyopo kati ya kuanzisha mwendo na kuuendeleza.

Kanuni ya pili huwashangaza wengi. Watu hudhani kreti au sanduku likisimamishwa kwa upande wake mwembamba litakuwa jepesi kuburuta kuliko likilazwa. Kwenye sakafu ngumu na kavu hakuna tofauti ya maana. Uzito ni uleule, sakafu ni ileile, na msuguano ni uleule.

Kwa hiyo hesabu nzima ni fupi: nguvu ya msuguano ni sawa na uzito unaokandamiza sakafu, mara namba moja inayotegemea vitu vinavyogusana. Namba hiyo tutaiita namba ya msuguano. Gunia la katani juu ya mbao lina namba yake, na mfuko wa sandarusi juu ya bati una namba yake.

Pima namba yako mwenyewe

Vitabu vina majedwali ya namba hizi, lakini ubao wako si ubao wa kitabuni. Pima mwenyewe kwa njia hii.

Chukua gunia la aina ileile unayotumia, ulijaze mahindi kidogo hadi lifike kilo 20. Liweke juu ya ubao uliolazwa chini. Funga kamba, unganisha na mizani ya kuning'iniza, kisha vuta polepole kamba ikiwa sambamba na ubao. Kabla ya kuvuta, hakikisha mshale uko sifuri mizani ikiwa imelala, kwa sababu mizani hiyo ilitengenezwa kutumika ikiwa imening'inia.

Angalia mshale kwa makini. Utapanda hadi kiwango fulani gunia likiwa bado limetulia, halafu gunia litakapoachia mshale utashuka kidogo na kubaki hapo. Tuseme umepanda hadi kilo 11.5, kisha ukashuka na kutulia kwenye kilo 10. Gawanya kila moja kwa uzito wa gunia:

11.5 gawanya kwa 20 ni 0.58 kwa kukadiria. Hii ni namba ya kuanzia.

10 gawanya kwa 20 ni 0.5. Hii ni namba ya mwendo.

Ndiyo maana gunia ni gumu kuling'oa mahali lilipo, lakini likishaanza kwenda ni afadhali. Ndiyo maana pia vibarua wenye uzoefu hawasimami katikati ya safari, kwa kuwa kila kusimama ni kulipa upya gharama ya kuanzia.

Rudia kipimo mara tano na uchukue wastani. Sasa una uwezo wa kujua nguvu ya kuburuta gunia la kilo 100 kwenye mbao hizohizo bila kuligusa. Kulianzisha ni 100 mara 0.58, yaani kilo 58 za kuvuta. Kuliendeleza ni 100 mara 0.5, yaani kilo 50. Mwanafunzi wa sekondari atakuambia kuwa nguvu hupimwa kwa nyutoni, na ni kweli. Zidisha kilo hizo kwa 9.8 utapata nyutoni zake. Lakini kwa kazi ya sokoni, kilo za mshale wa mizani zinatosha.

Kama huna mizani, tumia tepu. Weka gunia juu ya ubao, kisha inua ncha moja polepole hadi gunia lianze kuteleza lenyewe. Simamisha ubao hapo hapo na upime vitu viwili: kimo cha ncha iliyoinuliwa, na kitako, yaani umbali wa ardhini kutoka chini ya ncha hiyo hadi ncha nyingine. Gawanya kimo kwa kitako. Ubao wa mita 3 ukifika kimo cha mita 1.5, kitako chake ni kama mita 2.6, na jibu ni 0.58. Ni namba ileile ya kuanzia tuliyoipata kwa mizani.

Ubao ukiwa umeegemea lori

Sasa tuje kwenye lori. Tuseme sakafu ya bodi ya lori iko mita 1.2 kutoka ardhini, na umeegemeza ubao wa mita 3. Kitako chake ni mita 2.75.

Kwenye mteremko uzito wa gunia hugawanyika. Sehemu moja hulivuta gunia kuteremka, na sehemu nyingine hukandamiza ubao. Sehemu inayovuta hupatikana kwa kugawanya kimo kwa urefu wa ubao: 1.2 gawanya kwa 3 ni 0.4. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni kilo 40. Sehemu inayokandamiza hupatikana kwa kugawanya kitako kwa urefu wa ubao: 2.75 gawanya kwa 3 ni 0.92, yaani kilo 92.

Msuguano wakati gunia linakwenda ni 92 mara 0.5, yaani kilo 46. Linganisha: mteremko unavuta kwa kilo 40, msuguano unazuia kwa kilo 46. Gunia halitaporomoka. Kibarua atalianzisha kwa msukumo wa kilo kama 13, kisha ataliendeleza kwa kilo 6 tu, na akiliachia litasimama. Huo ndio ubao mzuri wa kushushia.

Sasa tuseme ubao huo haupo, na mtu ameokota wa mita 2. Kimo ni kilekile, kitako kimepungua hadi mita 1.6. Sehemu inayovuta imekuwa kilo 60 na inayokandamiza kilo 80. Msuguano ni 80 mara 0.5, yaani kilo 40. Mteremko umeshinda kwa kilo 20.

Gunia hilo halihitaji kusukumwa. Litaondoka lenyewe, litamaliza mita 2 chini ya sekunde moja na nusu, na litafika chini likiwa na kasi ya mita 2.8 kwa sekunde, karibu kilomita 10 kwa saa. Kilo 100 zikija kwa kasi hiyo, mtu aliyesimama chini na kunyoosha mikono hawezi kuzizuia. Kilichobadilika ni mita moja tu ya ubao.

Sandarusi si katani

Hatari kubwa zaidi iko kwa yule aliyezoea ubao wake. Kwa miaka ameshusha magunia ya katani bila tatizo, kisha msimu mmoja mzigo unakuja kwenye mifuko ya sandarusi. Sandarusi ni laini na huteleza zaidi kwenye mbao zilizong'arishwa na matumizi.

Tuseme umeipima ukapata namba ya kuanzia 0.35 na ya mwendo 0.3. Kwenye ubao uleule mzuri wa mita 3, msuguano wa mfuko wa kilo 100 ni 92 mara 0.3, karibu kilo 28. Mteremko bado unavuta kwa kilo 40. Ubao uliokuwa salama jana leo unaporomosha mzigo.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kitako kisipungue kimo gawanya kwa namba ya mwendo. Kwa katani yetu, 1.2 gawanya kwa 0.5 ni mita 2.4 za kitako. Kwa sandarusi, 1.2 gawanya kwa 0.3 ni mita 4, na ubao wenyewe uwe na urefu wa mita 4.2 hivi. Ongeza kidogo juu ya hapo kwa usalama.

Tumia namba ya mwendo, usitumie ya kuanzia. Ukitumia ya kuanzia, gunia litatulia likiwa limesimama, lakini likitikiswa kidogo litaondoka na halitasimama tena.

Yapo mambo mengine yanayobadilisha namba hiyo ghafla. Punje za mahindi au maharage zikimwagika kwenye ubao huviringika kama gololi chini ya gunia, na msuguano hushuka sana. Fagia ubao kila mara. Mvua nayo hubadilisha namba, kwa hiyo ubao ukilowa pima upya. Aidha, ncha ya chini ya ubao nayo inaweza kuteleza ardhini. Izuie kwa kigingi au jiwe zito, na ncha ya juu ishikizwe kwenye bodi kwa ndoano au kamba.

Kupandisha ni hadithi nyingine

Wakati wa kushusha msuguano ni rafiki. Wakati wa kupakia unageuka kuwa adui, kwa sababu unaungana na mteremko.

Kwenye ubao wa mita 3, gunia la katani la kilo 100 linahitaji kilo 40 za kushinda mteremko na kilo 46 za kushinda msuguano. Jumla ni kilo 86 mfululizo kwa mita zote 3, na kilo 93 pale linapoanza. Ukilinganisha na kulinyanyua moja kwa moja kilo 100 kwa mita 1.2, utaona kuwa ubao umepunguza uzito wa kila hatua kidogo tu, lakini kwa jumla umezidisha kazi zaidi ya mara mbili. Vibarua wanaochoka mapema kwenye kupakia hawafanyi uvivu. Nusu ya nguvu zao inaishia kwenye kusugua mbao.

Dawa yake ni kuacha kuteleza na kuanza kuviringisha. Chukua toroli la magurudumu mawili lenye kilo 20, ambalo ukilivuta sehemu tambarare namba yake inakuwa 0.05. Gunia na toroli ni kilo 120. Mteremko unadai 120 mara 0.4, yaani kilo 48. Magurudumu yanadai kilo 5.5 tu. Jumla ni kilo 53.5, pungufu ya kilo 32 kwa kila gunia, ingawa umeongeza uzito wa toroli. Mwenye magunia 200 ya kupakia ajiulize kama toroli ni gharama au ni akiba. Lakini akumbuke kuwa toroli hilohilo halifai kushushia kwenye ubao huo bila mtu kulishikilia kwa kamba kutoka juu, maana msuguano wake hautalizuia.

Hapo ndipo hesabu ya lumbesa nayo inapojionyesha. Gunia la kilo 130 likiburutwa kwenye ubao huo linadai kilo 112. Mnunuzi anafurahia kilo 30 za bure, mkulima anaibiwa, na mgongo wa kibarua ndio unaobeba tofauti. Mzigo huohuo ukifungashwa kwenye mifuko ya kilo 50, kila mfuko wa katani unadai kilo 43. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mwanaume mzima asizidishiwe katika kubeba mizigo kwa mikono. Mfuko wa kilo 50 uko ndani ya kiwango hicho.

Vuta, usisukume

Ndani ya stoo, pasipo na mteremko, ipo akiba nyingine isiyo na gharama yoyote. Ukivuta gunia kwa kamba inayopanda kuelekea mkononi, sehemu ya nguvu yako inalinyanyua gunia kidogo, na hivyo sakafu hukandamizwa kidogo. Ukilisukuma kwa kuinama juu yake, unaongeza uzito wako kwenye sakafu na kujitengenezea msuguano zaidi.

Kwa gunia la kilo 100 na namba ya mwendo ya 0.5, kamba ikipanda nusu mita kwa kila mita 1 ya mbele, nguvu inayohitajika ni karibu kilo 45. Ukilisukuma kwa mwinamo huohuo ukielekeza nguvu chini, unahitaji karibu kilo 75. Gunia ni lilelile, sakafu ni ileile, na tofauti ni kilo 30.

Pale hesabu hii isipofaa

Kanuni ya Amontons inafaa kwenye vitu vigumu na vikavu. Kwenye tope au mchanga mlaini mzigo huzama na kusukuma udongo mbele yake. Hapo eneo lina maana: kitu kipana huzama kidogo na chembamba huzama sana.

Kwenye kaburi la Djehutihotep nchini Misri, lenye umri wa karibu miaka 3,900, ipo picha ya watu wakiburuta sanamu kubwa juu ya gari lisilo na magurudumu, na mtu mmoja akimwaga maji mbele yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima jambo hilo wakaona kuwa mchanga ukiloweshwa kwa kiasi kinachofaa, nguvu ya kuvuta hupungua hadi karibu nusu, kwa sababu mchanga hushikamana na haurundikani mbele ya mzigo. Maji yakizidi, faida hiyo hupotea.

Kwa mkulima anayetumia maksai, somo liko karibu zaidi. Jozi ya maksai yenye jumla ya kilo 600 huweza kuvuta mfululizo kwa nguvu ya takriban asilimia 10 ya uzito wao, yaani kilo 60 hivi. Wafungie gogo la panda lenye mzigo, jumla kilo 200, kwenye njia yenye namba ya 0.5. Linadai kilo 100. Watavuta hatua chache na kusimama, hata wakichapwa. Mkokoteni wa magurudumu wenye kilo 500 kwenye njia ngumu yenye namba ya 0.1 unadai kilo 50, na watafika nao nyumbani. Isitoshe, gogo linaloburutwa kila siku huchimba mfereji, na mvua ikija mfereji huo hugeuka korongo ndani ya shamba lako.

Andika namba yako

Tusisahau kwamba bila msuguano mkanda wa mashine ya kusaga usingezungusha kitu, breki za lori zisingeshika, na magunia yasingepangika stoo. Cha muhimu ni kujua wapi unauhitaji na wapi unakugharimu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mwenye stoo liwe na ukurasa mmoja wa namba hizi: katani juu ya ubao, sandarusi juu ya ubao, ubao mkavu na ubao uliolowa. Kisha chukua chaki au rangi, uandike ubavuni mwa kila ubao kimo cha juu kinachoruhusiwa kwa kila aina ya mfuko. Kibarua mgeni aliyefika asubuhi hiyo hatahitaji kujua habari za Amontons wala Coulomb. Atapima kwa tepu kimo cha bodi ya lori, atasoma ubavu wa ubao, na atajua kama autumie au atafute mrefu zaidi.